Ukipiga picha za watu Malindi, chagua lenzi ya kusalimiana

Msomaji, ukifunga safari ya kwenda Malindi na Kilifi, bila shaka kamera haitakosa mkobani. Utapiga picha za magofu ya Gede na ya Mnarani, na ile nguzo ya Vasco da Gama inayotazama bahari. Mawe hayo hayajali unatumia lenzi gani. Sura ya binadamu ni jambo jingine.

Lenzi pana ya milimita 28 inafaa sana kwa magofu na ufuo. Lakini ili uso na kifua cha mtu vijaze picha, itakubidi umkaribie hadi kiasi cha nusu mita. Hapo pua huvimba, masikio yakarudi nyuma, na mzee wa watu akafanana na katuni. Simu nyingi za mkononi zina lenzi kuu ya namna hii.

Wengine hukimbilia lenzi ndefu ya milimita 300. Kwa hiyo utampata mama wa Kigiriama aliyevaa hando akiuza maembe kando ya barabara, nawe uko mita saba kutoka alipo. Yeye hana habari. Picha itapendeza, lakini umeichukua kama mwizi.

Lenzi ya kati, ya milimita 85 hadi 105, ndiyo ikufaayo. Kwa milimita 85 utasimama kama mita mbili hivi kutoka kwa unayempiga picha. Pua itabaki pua, na ukuta ulio nyuma utafifia kidogo ukifungua tundu la lenzi. Ikiwa kamera yako ni ya dijitali yenye kihisi kidogo, usijitie gharama: lenzi ya milimita 50, ambayo huwa rahisi kwa bei, itafanya kazi kama ya 75 au 80.

Mita mbili ni umbali wa mazungumzo. Huwezi kusimama hapo ukanyamaza. Itakubidi uamkie "Shikamoo", uitikiwe "Marahaba", ujieleze, kisha uombe. Ukikataliwa, shukuru uende zako.

Nenda mapema. Pwani hii jua huchomoza baharini, kwa hiyo asubuhi mvuvi anayetazama maji huangazwa uso mzima. Saa sita jua huwa utosini na macho huzama gizani. Mwombe mwenyeji akae barazani au chini ya mwembe. Na upepo wa bahari una chumvi na mchanga: usibadilishe lenzi ufuoni, na jioni uifute kwa kitambaa laini.

Kwa nini nasisitiza idhini? Wagiriama huwachongea wazee wao wa chama cha Gohu vigango, mbao ndefu za ukumbusho, nyingine zikiwa na kichwa cha duara mfano wa uso. Vingi viliibwa na kuuzwa ng'ambo. Viwili vilivyoibwa mwaka 1985 vilirudishwa kutoka Marekani mwaka 2007. Kwa hiyo huku watu wanaujua uchungu wa kuchukuliwa kilicho chao bila kuulizwa.

Basi, msomaji, ukiahidi kuleta picha, ichapishe na uipeleke. Huenda ikawa ndiyo picha pekee ya babu au bibi ambayo wajukuu watabaki nayo. Safari njema.