Nilivyoacha Kesi za Mashamba Nikashika za Waliokamatwa

Nilisomea sheria ili niandike hati. Kazi ya hati ni kazi halali na inalisha watu. Mlolongo, Syokimau na Athi River, nje kidogo ya Nairobi, zilikuwa zikipanuka kila mwaka; kampuni za kununua mashamba ziligawa ploti, watu wakanunua, na kila ploti ilihitaji wakili wa kuandika mkataba na kuhakikisha kwenye ofisi ya ardhi kwamba anayeuza ndiye mwenye mali. Hiyo ndiyo iliyokuwa riziki yangu. Kesi za jinai niliwaachia wenye moyo wa kuzisimamia. Mume wangu aliridhika, na mama yangu aliridhika zaidi, kwa kuwa kwake yeye wakili wa mashamba hagombani na serikali.

Kilichonigeuza kilitokea jirani na ofisi yangu, Juni 2016.

Wengi mnaijua habari hii, lakini vijana waliokuwa shule ya msingi wakati ule wanastahili kuisikia kwa utaratibu wake. Aprili 2015 Josephat Mwenda, mwendeshaji bodaboda, alisimamishwa barabarani na askari wa polisi wa utawala, Fredrick Leliman, akapigwa risasi mkononi. Akageuziwa kibao na kushtakiwa yeye, na alipopeleka malalamiko kwa IPOA, mamlaka ya kusimamia utendakazi wa polisi, akazidi kuandamwa na mashtaka. Shirika la International Justice Mission likampa wakili, Willie Kimani. Alhamisi, tarehe 23 Juni 2016, Mwenda, Kimani na dereva wa teksi, Joseph Muiruri, waliondoka katika mahakama ya Mavoko baada ya kesi ya Mwenda kusikilizwa. Hawakufika nyumbani. Miili yao ilitolewa wiki moja baadaye kutoka mto Athi, upande wa Ol Donyo Sabuk, ikiwa imetiwa kwenye magunia.

Mwenda aliuawa kwa sababu alilalamika mahali pale pale ambapo sheria inamwambia akalalamike. Kimani aliuawa kwa sababu alifanya kile ambacho sisi sote tuliapa kufanya siku ya kupokelewa kuwa mawakili. Na Muiruri alikuwa dereva tu, aliyeitwa kuendesha gari. Mimi nilikuwa nimeizoea mahakama ile ile ya Mavoko. Nilikuwa nikiegesha gari pale, nikinywa chai pale. Mauaji haya hayakunijia kama habari ya mbali.

Kuna jambo moja katika kesi hii ambalo halijanitoka akilini tangu nilipolisikia. Walipokuwa wamefungiwa kwenye kambi ya polisi wa utawala ya Syokimau, Kimani aliandika ujumbe kwenye karatasi ya chooni akautupa nje. Mpita njia aliuokota, akampigia simu mke wa Kimani. Mtu huyo hakuwa na wajibu wowote. Kwetu watu wamezoea kupita karibu na kambi za polisi macho yakiwa mbele, maana aliyeona huitwa shahidi, na shahidi ana mashaka yake. Simu yake haikuwaokoa wale watatu, lakini iliwaweka mahali panapojulikana, mikononi mwa watu wanaojulikana. Bila hiyo, nina hakika tungeambiwa walipotea tu, kama wengine wengi walivyopotea.

Mapema Julai mawakili tuliandamana jijini Nairobi, na Chama cha Mawakili, LSK, kikatutaka tususie mahakama. Nilikuwa sijawahi kuandamana maishani. Nilitembea katikati ya watu waliokuwa wakilia waziwazi, wazee wa taaluma waliofunza nusu yetu, na nikarudi nyumbani nikijua kwamba siwezi kubaki kwenye mashamba peke yake. Lakini kujua ni tofauti na kuanza, na sikuanza siku ile.

Aliyenianzisha ni mama mmoja mteja wangu. Nilikuwa nimemwandikia mkataba wa ploti yake ndogo, mali pekee aliyokuwa nayo. Akaingia ofisini asubuhi moja, ameishika faili mkononi, hata salamu hakumaliza.

“Wakili, ile ploti niuzie. Niuzie leo.”

“Kuna nini, mama?”

“Kijana wangu wamemchukua usiku. Nimeambiwa nitafute pesa.”

Mwanawe alikuwa fundi wa pancha kando ya barabara kuu. Nilimwambia haki haiuzwi kwa ploti, tukaenda kituoni pamoja. Afisa wa zamu alisema hana mtu wa jina hilo. Nikaomba kuona kitabu cha matukio, kile tunachokiita OB. Akanitazama akasema, “Madam, wewe ni wa mashamba. Rudi kwa mashamba yako.”

Nilitoa barua. Niliandika jina la kijana, saa aliyochukuliwa, rangi ya gari kama majirani walivyoliona, na jina la afisa niliyezungumza naye. Nikanukuu Kifungu cha 49 cha Katiba: aliyekamatwa aelezwe sababu kwa lugha anayoielewa, aruhusiwe kuwasiliana na wakili, afikishwe mahakamani ndani ya saa 24. Nakala nikaipeleka kwa mkuu wa kituo, nyingine kwa IPOA, nyingine nikabaki nayo ikiwa na muhuri. Siku iliyofuata kijana alifikishwa kortini kwa shtaka la ulevi na kuvuruga amani. Kijana yule hanywi pombe. Mashahidi hawakutokea, kesi ikaporomoka. Mama yake bado ana ploti, na amejenga.

Baada ya hapo wakaanza kuja wengine, na pamoja nao yakaja yale ambayo kila wakili wa kazi hii anayafahamu. Simu kutoka nambari iliyofichwa, sauti ya upole ikikutajia shule wanayosoma watoto wako. Gari linaloegeshwa ng'ambo ya ofisi, wenyewe hawashuki. Mwenye nyumba aliyenipangisha kwa miaka akaja kuniambia, kwa aibu kubwa, kwamba ametembelewa na watu na kwamba ni heri nitafute pengine. Sikumlaumu, ana watoto naye. Wateja wa mashamba wakapungua, kwa sababu anayenunua ploti hataki wakili mwenye maneno na polisi. Hilo la mwisho halipewi uzito unaostahili. Wakili si lazima apigwe ili anyamazishwe. Yatosha kodi ya ofisi imshinde.

Kwa hiyo nilibadilika pia katika namna ya kuishi. Sitoki mahakamani peke yangu nikiwa na kesi dhidi ya askari. Kuna wenzangu wawili wanaojua nilipo, na nisipopokea simu hawangoji hadi jioni. Mteja na mimi hatupandi gari moja kila mara. Faili yenye ushahidi haikai mahali pamoja. Mume wangu, ambaye hapo mwanzo aliniomba niache, siku hizi ndiye anayenikumbusha kutuma ujumbe nikifika. Hofu ninayo. Nimejifunza kuifanyia kazi.

Kesi ya Kimani na wenzake ilichukua miaka sita. Tarehe 22 Julai 2022, Jaji Jessie Lesiit aliwapata na hatia ya mauaji askari watatu pamoja na raia mmoja aliyekuwa mpasha habari wa polisi. Askari wa nne akaachiliwa. Tarehe 3 Februari 2023 Leliman akahukumiwa kifo, askari wenzake Stephen Cheburet miaka 30 na Sylvia Wanjiku miaka 24, na raia yule, Peter Ngugi, miaka 20. Mimi siungi mkono hukumu ya kifo, hata kwa muuaji wa wakili mwenzangu, na Kenya haijamnyonga mtu tangu 1987. Nilichokishika katika uamuzi ule ni kwamba askari wanaweza kufuatwa hadi mwisho ikiwa watu watapiga kelele tangu siku ya kwanza, na kelele ziendelee hata magazeti yakishachoka.

Sikudhani tungelazimika kuanza tena upya. Baada ya maandamano ya vijana ya Juni 2024 dhidi ya Mswada wa Fedha, watu walianza kubebwa majumbani na barabarani na wanaume waliofunika nyuso. Kufikia Desemba, Tume ya Kitaifa ya Haki za Kibinadamu ilikuwa imehesabu visa 82 tangu Juni, na watu 29 walikuwa bado hawajulikani walipo. Agosti mwaka huo walichukuliwa watatu huko Kitengela, majirani zetu, mwanaharakati na ndugu wawili. LSK chini ya rais wake wa wakati ule, Faith Odhiambo, ikaenda kortini kutaka wafikishwe mbele ya jaji, wakiwa hai au wafu. Kaimu Inspekta Jenerali wa Polisi, Gilbert Masengeli, aliitwa mara kadhaa asije. Tarehe 13 Septemba 2024 Jaji Lawrence Mugambi akamhukumu kifungo cha miezi sita kwa kuidharau mahakama. Wiki moja baadaye wale watatu walirudi nyumbani. Masengeli baadaye alifika, akaomba radhi, na adhabu ikaondolewa. Sikulifurahia hilo, lakini watu walikuwa hai.

Ng'ambo ya mipaka hali ni ile ile. Januari 2025, wakili Eron Kiiza wa Uganda alikwenda kumtetea mwanasiasa wa upinzani Kizza Besigye katika mahakama ya kijeshi jijini Kampala, na mahakama hiyo ikamfunga yeye miezi tisa. Mei mwaka huo Martha Karua, aliyewahi kuwa Waziri wetu wa Haki, alizuiwa kuingia Dar es Salaam alikokwenda kufuatilia kesi ya uhaini ya Tundu Lissu, kiongozi wa upinzani wa Tanzania, akarudishwa. Serikali zetu zinashirikiana vizuri sana katika jambo hili, na mawakili wa kanda hii hawana budi kushirikiana zaidi yao.

Wewe unayesoma huenda si wakili. Nakuomba mambo machache. Ukiona mtu anachukuliwa, andika nambari ya gari, saa na mahali, hata kama nambari yenyewe huiamini. Uliza anapelekwa kituo gani, kwa sauti, majirani wasikie. Watafute jamaa zake usiku huo huo, usingoje asubuhi. Akifikishwa kortini nenda ukakae kwenye benchi, kwa sababu hakimu huona kama chumba kimejaa au kitupu. Na nambari ya wakili iandike kwenye karatasi uiweke nyumbani, mkeo au mama yako ajue ilipo. Simu ndiyo wanayokunyang'anya kwanza.