Siala, Mti wa Mipakani Katika Migori na Homa Bay

Msafiri atokaye Homa Bay kwenda Migori huiacha kwanza nchi ya kando ya ziwa, yenye udongo mweusi unaonata wakati wa mvua na kupasuka wakati wa jua. Miti yake mingi ni ya miiba. Apandapo kuelekea Rongo, udongo huwa mwekundu, mvua huzidi, na mipakani mwa mashamba huonekana mti mrefu, mwembamba, wenye maua ya manjano. Huo ndio siala, ambao Waganda, ng'ambo ya ziwa, huuita musambya. Hupenda udongo mwekundu upitishao maji upesi. Mahali pa maji yaliyotuama haustawi.

Siala hukua kufikia mita 10 hadi 15. Gome lake ni la rangi ya kahawia, lenye mifuo myembamba ya wima. Maua yake yana umbo la tarumbeta, na ndani ya koo lake mna mistari myekundu. Kama vile Mmarekani autambuavyo mwaloni kwa kokwa yake iliyokaa katika kikombe kidogo, ndivyo siala utambulikanavyo kwa maganda yake: marefu, membamba, yaning'iniayo kwa vichala, mengine yakizidi nusu mita. Yakaukapo hupasuka, na mbegu zenye mabawa mepesi huchukuliwa na upepo.

Pasipo maua wala matunda, mtu aweza kuudhania kuwa mmoja wa jamaa zake wawili, maana majani yao hufanana. Wa kwanza ni mti wa maua mekundu kama moto, ambao tunda lake hupasuka likawa kama mtumbwi mdogo. Wa pili ni mwegea, uitwao yago kwa Kijaluo, wenye matunda mazito yaning'iniayo kwa kamba ndefu. Basi na atazame chini ya kikonyo cha jani: siala una vijani viwili vya mviringo, mfano wa masikio.

Alama hiyo ina faida kubwa kwa mwenye shamba. Tangu zamani siala umetoa nguzo za nyumba zistahimilizo mchwa, mipini ya majembe na mbao za mashua. Lakini mashamba yamegawanywa yakawa madogo, na tangu miaka ya 1970 kilimo cha tumbaku katika Migori kimetumia kuni nyingi za kukaushia majani. Miti mingi imekatwa. Hata hivyo siala haufi kwa shoka peke yake; kisiki chake huchipua tena, kisipochomwa moto na machipukizi yasipoliwa na mbuzi.

Adui wake mwingine ni jembe. Miche huota yenyewe katikati ya mahindi, na mpaliliaji asiyeijua huing'oa pamoja na magugu. Kisha mwenye shamba huenda sokoni kununua miche ya mkalitusi. Wahenga walisema, usiache mbachao kwa msala upitao. Mkulima auonaye mche wenye masikio hayo, na auhamishe mpakani wakati wa mvua. Atakaye kupanda mbegu, na ayachume maganda yakiwa yamegeuka rangi ya kahawia lakini hayajapasuka, akazipande mapema zingali mpya.