Namba sita niliyemwondoa kwa sababu ya kompyuta

Leo siandiki juu ya bei ya ndagala wala juu ya maji ya ziwa. Ninaandika juu ya kosa langu, maana vijana wa kwetu Mulongwe wanalijua tayari, na ni heri mlisikie kwangu.

Mnajua kwamba jioni ninasaidia kufundisha timu ya vijana wa mtaa. Usiku, umeme ukiwepo, ninacheza Football Manager kwenye kompyuta ya binamu yangu. Humo hupigi mpira mwenyewe. Unakuwa kocha, unapanga timu na kumpa kila mchezaji kazi yake. Kwa viungo peke yao, wale tunaowaita milié, kuna majina mpaka ulimi unachoka: regista, anayepanga mpira kutoka nyuma, mezzala, anayetoka katikati kwenda pembeni kushambulia, carrilero, anayeziba nafasi kati ya katikati na pembeni.

Mimi nilipenda regista mmoja na mezzala wawili, wote roho iko mbele. Mabao yalikuja. Mechi ikiisha kila mchezaji anapewa alama juu ya kumi, na kiungo mkabaji niliyekuwa naye alikuwa anabaki kwenye 6.6 au 6.7. Nikamuuza.

Basi nikaja uwanjani na kichwa hicho. Namba sita wetu ni kijana wa miaka 17: hapigi chenga, hafungi, pasi zake ni za mita tano. Nikamkalisha benchi, nikaweka mafundi watatu katikati. Mechi ya kwanza tulishinda 3–2, nikajisifu mpaka kwa muuza brosheti. Ya pili, na timu moja ya Kalundu, tulifungwa manne, yote kwa njia moja: mpira unapotea mbele, katikati hakuna mtu, mabeki wetu wanabaki kuangaliana. Kijana hakuiona mechi hiyo. Alikuwa ameacha kuja.

Kumbe kwenye kompyuta nilikuwa naangalia vipande vya hatari tu, kwa kuogopa betri kuisha. Usiku mmoja umeme ulikaa, nikaacha mechi iende dakika zote 90, na mkabaji mwingine niliyemnunua. Nikamwona anasogea hatua mbili kushoto. Mpinzani aliyetaka kupiga pasi pale katikati akasita, akaurudisha mpira kwa kipa. Mtu wangu hakuugusa mpira. Ikatokea tena, na tena. Mambo kama hayo hayaingii kwenye vipande vya hatari, kwa sababu hatari yenyewe haikutokea. Mwisho wa mechi alipata 6.7 yake ileile.

Na jambo hili sisi Wakongomani ndio tungepaswa kulijua mbele ya wengine. Claude Makelele alizaliwa Kinshasa mwaka 1973. Real Madrid walimwacha aende Chelsea mwaka 2003, kiangazi kilekile walichomleta Beckham. Msimu wa 2004–2005 Chelsea walichukua ubingwa wa Uingereza wakiwa wamefungwa mabao 15 tu katika mechi 38, na Waingereza wakaiita nafasi ile kwa jina lake. Hata sisi, mwanzoni mwa 2024, Leopards walipofika nusu fainali ya Kombe la Afrika kule Côte d'Ivoire, tuliimba Wissa, tukaimba Mpasi, kipa aliyefunga penalti ya kuwatoa Misri. Nani aliimba Moutoussamy?

Juma lililopita nilimfuata kijana. Nilimkuta Kalundu asubuhi, anamsaidia mama yake kuanika ndagala. Nikaomba msamaha mbele ya mama, maana yeye ndiye aliyemwona akirudi nyumbani siku ile. Kijana aliendelea kutandaza samaki.

"Yaya, ile mashini iliona kama mimi natembeaka bure?"

Nikamwambia mashini haikusema kitu, nilisema mimi. Mama akacheka kidogo, akanipa beseni nishike upande wa pili. Tukaanika mpaka jua likawa kali, na mpira hatukuutaja tena. Nilipoaga ndipo akasema angekuja, lakini viatu alikwisha kuuza.

Anavaa namba 41. Mwenye viatu vya namba hiyo, hata vya zamani, anikute uwanjani. Mazoezi yanaanza saa kumi.