Mlango Mkubwa wa Malindi

Nilipopata akili, mlango mkubwa wa nyumba ya bibi, mtaa wa Malindi, Unguja, ulikuwa wa kijani. Nyumba ilikuwa ya mawe na chokaa, ina baraza nje kila upande, na katikati ya baraza ndipo uliposimama mlango wa mabawa mawili, kizingiti cha juu kimenyooka, miimo imejaa nakshi. Mbao zake ni mbambakofi mtupu, lakini mpita njia asingejua. Miaka ya sabini rangi ilikuwa adimu, na aliyebahatika kupata kopo hakuuliza ni la rangi gani. Chini ya kijani palikuwa na kijivu, na chini ya kijivu buluu ya madau. Kila mkono wa rangi ulizidi kufukia mifereji ya nakshi, hata mayungiyungi yakawa mabonge, na samaki waliochongwa chini kabisa ya miimo hawakujulikana tena wapi mdomo wapi mkia.

Siwalaumu waliopaka. Jua la Unguja halina huruma na mbao, na rangi ile, mbaya ilivyokuwa, iliukinga mlango miaka ambayo hapakuwa na kitu kingine cha kuukinga. Kilichouumiza ni saruji. Kabla sijazaliwa, ngazi ya mlangoni ilibomoka, ikazibwa kwa saruji badala ya chokaa. Ukuta wa mawe ya matumbawe hunywa maji kutoka ardhini, na chokaa huyaachia yakauke taratibu. Saruji huyazuia. Maji yakikosa pa kutokea hutafuta mbao, na mbao iliyokuwa karibu ilikuwa mguu wa mwimo wa kulia. Ndani mwimo ulikuwa ukioza, nje rangi inang'aa.

Fundi alikuja kaskazi ya 1986, wakati mbao zimekauka. Alikuwa mzee mfupi, mkimya, sote tukimwita Babu Fundi. Hakugusa patasi wala nyundo. Alichukua msumari mwembamba, akachutama, akaanza kuuchoma mwimo kutoka chini kwenda juu. Mara ya kwanza msumari ulizama wote. Akapanda kidogo, ukazama nusu. Alipofika usawa wa goti ukakataa kabisa. Akapiga alama ya mkaa hapo.

"Bi Mkubwa," alimwambia bibi, "mlango wako mzima. Mgonjwa ni mguu tu."

"Basi utibu mguu, kwengine usiniguse."

Sijawahi kusikia maagizo ya ukarabati yaliyo bora kuliko hayo. Miaka ile nyumba nyingi za Mji Mkongwe zilikuwa zikianguka, mamlaka ya kuuhifadhi imeundwa 1985 tu, na mwenye nyumba aliyeona mwimo umeoza alikuwa mwepesi wa kung'oa mlango wote na kuweka mwengine wa mbao nyepesi.

Saruji ilivunjwa kwanza, chokaa ikarudi mahali pake. Kisha rangi. Wajomba walitaka ichomwe moto, iishe haraka. Babu Fundi alikataa, akasema moto hula ncha za nakshi. Msasa nao aliukataa kwa sababu hiyo hiyo. Sisi watoto tulipewa vipande vya chupa tukwangue sehemu za bapa tu. Kigae cha chupa kikishikwa sawasawa, kimelala kidogo, hutoa rangi kwa nyuzi ndefu na hakiachi mkwaruzo. Kijani kikaja, kijivu kikaja, buluu ikaja, halafu mbao yenyewe ikatokea, nyekundu ya kahawia, na harufu ambayo sikuwa nimeisikia popote. Kwenye nakshi alikaa mwenyewe na patasi nyembamba, akizibua ua moja baada ya jingine. Bibi alileta ndimu na majivu kwa ajili ya shaba ya mlango, na hiyo akaisugua yeye, hakumwachia mtu.

Milango hii haina bawaba. Kila bawa huzunguka juu ya ncha zake, moja imeingia kizingiti cha chini na moja cha juu, na mfaa hufunika mwanya wa katikati. Ili kushughulikia mguu, mabawa yalinyanyuliwa yakatolewa. Usiku likatundikwa pazia, wajomba wakalala ukumbini, na majirani wakaja na dele la kahawa kulinda pamoja nao. Nadhani hawakulala hata kidogo, maana vicheko vyao vilitufikia ghorofani mpaka alfajiri.

Kiraka kilitoka kwenye mwimo wa nyumba iliyoanguka, mbambakofi ule ule, mkavu wa miaka mingi. Alikata sehemu iliyooza kwa mshazari ili maji yasipate pa kukaa, akachonga ulimi, akaunga. Samaki alimpata kwa jirani yake. Alibandika karatasi ya mfuko wa saruji juu ya samaki wa mwimo wa kushoto, akapitisha mkaa, kila gamba likatoka. Akaigeuza karatasi, akamchora wa kulia, akachonga. Alipomaliza akawa anamtazama yule wa zamani kwa muda mrefu, kwa heshima, akahesabu magamba yake kwa kidole.

Ikaja zamu ya kupaka. Bidhaa za Dubai zilishaanza kuingia na sokoni Darajani makopo yalijaa, vanishi ikiwemo. Babu Fundi aliikataa, kwa kuwa huvimba na kubambuka juani. Siku hizi naziona hoteli zikiipaka kwenye milango ya kale, na inaniuma. Yeye alitaka mafuta ya linsidi yaliyozimuliwa kwa tapentaini, mlango wote. Bibi alitaka kijani, kwa sababu mkono wa mwisho wa kijani ulipakwa na babu yetu. Walibishana kwa adabu asubuhi nzima. Nakshi zikapata mafuta, mabawa yakapata kijani, mikono miwili myepesi.

Mabawa yaliporudishwa, kati ya bawa na mwimo mpya palibaki mwanya wa kupita kisu. Bibi aliona ameibiwa.

"Babu Fundi, hapa paka atapita!"

"Subiri masika, Bi Mkubwa."

Masika yakaingia, mbao zikaumuka, mwanya ukaziba. Mlango ulifungwa kwa mkono mmoja, na bibi akampelekea Babu Fundi sinia la mkate wa kumimina.