Uzuri wa ngozi unaanza kwenye sufuria

Katika kartye yetu ya Kadutu, hapa Bukavu, kuna kitabu cha urembo ambacho kimepita mikononi mwa wamama wengi. Kimeandikwa kwa Kifaransa, na kurasa za rangi za midomo ndizo zimechakaa zaidi. Kilipofika kwangu, wamama wa jirani waliniomba niwaelezee kwa Kiswahili. Baadhi yao walikimbia vita vijijini na sasa wanalala kwa jamaa zao. Tulikaa mara tatu, jioni, baada ya kazi.

Kitabu kinasema ngozi inakula kile mtu anachokula, na hapo kina haki. Lakini kwenye orodha ya vyakula kimetaja samaki wa bahari za Ulaya na matunda ambayo hatujawahi kuyaona sokoni. Mama mmoja akacheka: «Mwanangu, sasa sisi tusio na hayo, uso ubaki hivi hivi?»

Nikamwambia, mama, tuangalie kwanza soko letu. Sambaza wa Ziwa Kivu wana mafuta mazuri na nguvu ya kujenga mwili. Maharagi, karanga na soya vinajenga mwili pia. Lengalenga na sombe vina vitamini, ila sombe itwangwe na kuchemshwa vizuri, maana majani ya mihogo mabichi yana sumu. Mapera na marakuja vinasaidia vidonda vipone. Avoka ambayo kitabu kinasema tupake usoni, afadhali tumpe mtoto aile.

Na mawese? Ule wekundu wake ndio mwili unaugeuza kuwa vitamini A, ya macho na ya ngozi. Wengi wetu tunayachemsha mpaka yawe meupe ndipo tukaange. Wekundu ukiisha, ile faida nayo imeisha. Afadhali kuyatia kwenye mboga yakiwa bado mekundu.

Jioni ya pili ndipo jambo zito lilipotokea. Bibi mmoja alikuja na mjukuu wake wa miaka miwili hivi. Watu walikuwa wanamsifu mtoto: amekuwa mweupe, mashavu yamejaa, nywele zimekuwa laini na nyekundunyekundu. Mama mwingine, ambaye aliwahi kuuguza mtoto wa namna hiyo, alimbonyeza mguuni kwa kidole. Shimo likabaki. Sote tukanyamaza. Ilikuwa bwaki.

Ugonjwa huu, ambao waganga wanauita kwashiorkor, unajulikana sana huku kwetu. Kule Lwiro, katika teritware ya Kabare, umechunguzwa tangu miaka ya ukoloni. Mtoto anayekula bugali ya mihogo peke yake siku kwa siku anaweza kuonekana amenona, kumbe ni maji yamejaa mwilini. Ngozi inabadilika rangi, inabambuka, nywele zinang'oka bila nguvu, mtoto hataki kucheza wala kula. Bibi alimpeleka kituo cha afya asubuhi yake. Mtoto alipewa matibabu, na leo anakimbia uani. Ukiona dalili hizo, usingoje. Na ile pakiti ya chakula cha karanga inayotolewa kwa mgonjwa ni dawa yake: isiuzwe, wala isigawanywe kwa watoto wote wa nyumba.

Jioni ya tatu tulifika kwenye makiyaji. Hapa kwetu neno hili lina maana mbili: kujipamba uso, na kujibadilisha rangi ya mwili. Kitabu kinazungumza ile ya kwanza tu. Poda na rangi ya midomo havina ubaya. Mwanamke aliyepoteza nyumba na shamba akitaka kujipamba siku ya harusi ya ndugu yake, asichekwe na mtu. Ila kalamu ya macho kila mtu awe na yake, maana ugonjwa wa macho unapita kwenye kalamu. Na mtu asilale na poda usoni, anawe kwanza kwa maji safi.

Maana ya pili ndiyo inayonitia hofu. Krimu za kung'arisha zinauzwa barabarani kati ya nyanya na makala. Nyingine zina hidrokinoni, ambayo ikitumika muda mrefu inaweza kuleta madoa meusi ya kibuluu mashavuni, magumu kutoka. Nyingine zina klobetasoli, dawa kali ya hospitali inayofanya ngozi iwe nyembamba kama karatasi. Ngozi ya namna hiyo ikipasuliwa, tuseme mama anapozaa kwa operesheni, inashonwa kwa shida na kidonda kinachelewa kupona. Nyingine zina zebaki, inayoharibu figo na kumfikia mtoto aliye tumboni. Mkataba wa Minamata wa mwaka 2013 ulitaka krimu zenye zebaki zaidi ya miligramu 1 kwa kilo zisitengenezwe wala kuvushwa mipaka baada ya mwaka 2020. Hata hivyo, bado zinakutwa kwenye masoko ya nchi nyingi.

Dada mmoja aliuliza: «Na mimi ambaye nimeshazoea kupaka, niache leo?» Dada yangu, kama ni krimu yenye dawa ile kali, ukiiacha ghafla uso unaweza kuwaka na kutoa vipele. Chukua kopo lenyewe, nenda nalo kituo cha afya, uulize namna ya kuiacha. Usione haya.

Kwa nyumba zenye watu wengi, neno moja zaidi. Mwasho unaozidi usiku, kati ya vidole na kiunoni, mara nyingi ni upele. Usinunue krimu ya urembo kwa ajili yake. Watu wote wanaolala pamoja watibiwe siku moja, na nguo na mablanketi vifuliwe kwa maji moto.

Basi wamama, kabla ya kutoa franka zako kwa kopo lisilo na maandishi, uliza sambaza ni bei gani leo. Kikombe kimoja, na fungu la lengalenga, vitawafaa wote wanaokula kwenye sufuria yako.