Mtungi Usio na Oksijeni

Watu wa pwani, na magazeti pia, wamezoea kukiita chombo anachobeba mzamiaji mgongoni "mtungi wa oksijeni". Jina limekwisha kuota mizizi. Ndani ya mtungi ule aghalabu mna hewa tu, hewa ile ile inayopepea minazi ya Juani, iliyoshindiliwa kwa mashine: sehemu 21 katika mia ni oksijeni, 78 ni nitrojeni, na kilichobaki ni gesi nyinginezo. Kwingineko kosa hili lingekuwa la kubishaniwa barazani na wajuzi wa lugha. Juani linaweza kumpoteza mtu.

Kisiwa hiki cha magofu ya Kua na fukwe wanakotaga kasa kimo ndani ya Hifadhi ya Bahari ya Mafia, ya kwanza ya aina yake Tanzania, iliyoanzishwa mwaka 1995. Wageni huzamia kwa miongozo na saa mkononi. Lakini katika pwani hii wako pia wanaoshuka na mitungi bila mafunzo kutafuta majongoo bahari. Sheria ya uvuvi ya Tanzania Bara haiwaruhusu, na kwa hiyo maradhi yanayopatikana huko chini hufichwa kama unavyofichwa wizi.

Maradhi yenyewe hayana siri. Kwenye kina cha mita 30 shinikizo ni mara nne ya lile la juu ya maji, na nitrojeni hupenya katika damu na nyama kama gesi ndani ya soda. Anayepanda ghafla ameifungua chupa. Mapovu hukaa katika viungo na uti wa mgongo. Mtu akafika ufukweni analalamika bega, na baada ya saa moja miguu haimtii. Wenziwe watasema ameguswa na shetani wa bahari. Mfaransa Paul Bert alikwisha kueleza mwaka 1878 kwamba mwenye kosa ni nitrojeni, na kwamba kuvuta oksijeni husaidia kuiondoa. Hadi leo oksijeni safi ndiyo huduma ya kwanza, wakati mgonjwa akisafirishwa kwenda kwenye chumba cha shinikizo, ambacho Juani hakipo.

Hapo ndipo jina linapofanya madhara. Rafiki mwenye huruma huuchukua mtungi uliobakiwa na hewa, akamtia mgonjwa kidomo chake kinywani. Hakumpa chochote ambacho upepo haukuwa ukimpa. Amempa utulivu wa moyo tu, na kwa utulivu huo safari imeahirishwa. Mwingine humrudisha mgonjwa chini ya maji ili maumivu yapungue. Hilo ni baya zaidi.

Kinachofaa kuazimwa kutoka kwa mzamiaji ni kile kidomo, na chenyewe ni cha kuazimwa tangu asili. Vali ambayo Émile Gagnan na Jacques Cousteau waliitumia kuzamia mwaka 1943 ilitokana na kifaa cha kulishia gesi injini za magari, wakati petroli ilipoadimika vitani. Fadhila yake ni kuwa hufunguka mtu anapovuta pumzi na kujifunga anapoitoa. Mtungi wenye lita 600 za oksijeni, ukiachwa umwagike lita 15 kwa dakika, huisha kwa dakika 40. Mtu aliyelala akivuta lita 8 tu kwa dakika kupitia vali kama hii, utamfikisha dakika 75.

Basi kwa nini fundi asichonge kiungio cha shaba, akaifunga vali ya kuzamia kwenye mtungi wa hospitali? Viungio vya mitungi hiyo miwili kwa kawaida havikubaliani, na vilifanywa hivyo makusudi. Oksijeni safi yenye shinikizo kubwa ikikutana na mafuta huweza kuwaka pasipo cheche. Vali iliyozoea hewa ya mashine huwa na grisi na vumbi; na mikono ya kisiwa cha minazi ni nadra kukosa mafuta ya nazi. Kifaa hicho lazima kisafishwe na aliyesomea kazi hiyo, kitiwe grisi ya aina yake, kisha kisiguse tena hewa ya kawaida. Mgonjwa asiyeweza kuuma kidomo huvalishwa barakoa inayobana uso. Asiyepumua kabisa huhitaji mtu wa kumpulizia, maana vali hii humngoja mwenye pumzi.

Kisha kuna bahari yenyewe. Maji yakikupwa katika ghuba ya Chole mashua hukaa juu ya mchanga, mgonjwa amelazwa chini ya tanga, na Utende inaonekana kwa macho. Kutoka huko bado kuna barabara hadi hospitali ya Kilindoni. Zile dakika 35 za ziada hutumika hapo, mashua ikisubiri maji yajae.