Tulioletwa na Upepo

Marehemu bibi yangu, Mwenyezi Mungu amrehemu, alikuwa na neno moja tulilolizoea tangu utotoni. Kila tulipokaa naye barazani, huko Pemba, tukichambua karafuu na makonyo yakirundikana miguuni petu, alitukumbusha kwamba asili yetu si kisiwa hicho. "Sisi tumeletwa huku na upepo," husema, kisha akanyamaza. Tulidhani ni fumbo la wazee.

Nilipokuwa mtu mzima ndipo nilipofahamu kwamba upepo huo ulikuwa na tarehe. Ulivuma Unguja siku ya 15 Aprili, 1872, katika Mfunguo Tano, yaani mwezi wa Safar, mwaka 1289 Hijria. Seyyid Barghash bin Said alikuwa bado hajatimiza miaka miwili ya utawala. Vimbunga ni nadra kufika Unguja, kwa kuwa kisiwa kipo karibu na Ikweta, lakini siku hiyo kilifika. Takriban vyombo vyote vilivyotia nanga bandarini, zikiwemo merikebu za Sultani, vilizama au vilitupwa pwani vikavunjika. Mjini nyumba zilibomoka. Mashambani inakadiriwa kwamba theluthi mbili ya mikarafuu na minazi iliangamia. Mkarafuu mchanga hukaa miaka sita hata minane kabla ya kuzaa. Aliyelala tajiri aliamka na magogo.

Pemba ilisalimika kwa sehemu kubwa. Karafuu zilipoadimika, bei ilipanda, na wenye mali wakageuza macho yao huko. Ndiyo sababu hadi leo tukitaja karafuu tunaitaja Pemba.

Habari hizo nilizipata vitabuni, na humo nilisoma hasara za Sultani, za wafanyabiashara na za wenye mashamba. Mwaka uliofuata, Waingereza walipomtaka Seyyid Barghash afunge biashara ya watumwa, alitaja maafa hayo kuwa ni miongoni mwa sababu za kuomba muda. Mwishowe alitia saini mkataba tarehe 5 Juni, 1873, na soko la watumwa likafungwa. Watumwa waliokwishakuwa mashambani hawakuachiwa huru. Amri ya kuwafungulia njia hiyo ilitoka mwaka 1897.

Nilirejea kwa bibi na maswali yangu. "Bibi, sisi tulikuwa na shamba Unguja?"

Akanitazama kwa muda mrefu. "Mjukuu wangu, wengine walikuja Pemba na hati za mashamba. Sisi tulikuja na majembe. Bibi yangu mimi hakuhamia. Aliletwa."

Neno nililolisikia maisha yangu yote likabadilika maana pale pale. Miti ya bwana wake ilipoanguka, alivushwa bahari akapande mingine. Katika hasara zilizohesabiwa, sikuona mahali ambapo yeye amehesabiwa. Bibi akanisihi nisiyaseme nje, kwa hofu kwamba binti zetu hawataposwa.

Niliyahifadhi kwa zaidi ya miaka ishirini. Kisha ikaja posa ya binti yangu, na wazee wa upande wa pili wakauliza, kwa adabu zote, juu ya ukoo wetu. Jibu la kuwaridhisha nilikuwa nalo. Nilimtazama binti yangu aliyekuwa akipitisha kahawa, nikaona kwamba nikisema uongo nitamrithisha aibu ambayo si yake wala si ya bibi yake. Nikawaeleza: tufani, majembe, na yule mama aliyeletwa.

Pakawa kimya. Baadaye mzee wao mmoja akaweka kikombe chini, akauliza, "Jina lake nani, tumwombee?"

Sikuwa na jibu. Jina lake halikufika kwetu.

Ndugu msomaji, ndoa ilifungwa, alhamdulillahi; lakini swali lile ndilo lililobaki nami. Dini yetu imetufundisha kwamba mbele ya Mola ubora ni uchamungu, wala si nasaba. Basi mwenye mzee aliye hai na amuulize leo, na aulize pia yale yaliyofichwa. Mimi kila baada ya sala humwombea yule mama bila ya jina, nikijua kwamba Aliyemuumba analijua.